Pima injini ya pikipiki kabla ya kushika spana

Mhariri,

Injini ya bodaboda ikianza kutoa moshi wa buluu na kupoteza nguvu mlimani, mwenyewe huambiwa mojawapo ya mambo mawili: nunua injini nzima, au iache hapa tuifungue tuone. Sisi mafundi wa pikipiki wa Kisumu tunaandika kuyapinga yote mawili. Pikipiki nyingi zinazosemekana injini imekufa huwa na ugonjwa katika nusu ya juu tu, na nusu hiyo mtu anayeanza anaweza kuitengeneza nyumbani kwake, mradi apime kabla ya kufungua, na apime tena kabla ya kununua spea. Wengi hushindwa kwa sababu ya haraka na kukosa vipimo, wala si kwa ugumu wa kazi yenyewe.

Tunazungumzia injini za silinda moja zinazopozwa na upepo, za 100 hadi 150 cc: Boxer, TVS, na zile za Kichina zinazofuata muundo wa Honda CG125. Nusu ya juu ni hedi (kifuniko cha juu ya silinda) yenye valvu, silinda, pistoni na ringi zake. Nusu ya chini ni kranki, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), bearingi na giaboksi. Kranki hutenganishwa na kuunganishwa kwa presi, kisha hunyooshwa kwa geji ya saa (geji ya mshale inayoonyesha palipopinda). Hiyo si kazi ya barazani, na anayeijaribu kwa nyundo huishia na kranki iliyopinda na injini inayotetemesha mpaka vioo vya pembeni.

Anza na moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Ukizidi unapovuta akseleta ukiwa na mzigo, shuku ringi na silinda. Ukitoka kidogo asubuhi unapowasha, au baada ya kuteremka mlima akseleta ikiwa imefungwa kisha ukaifungua tena, shuku sili za valvu. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Safisha filta na kabureta, huenda injini ni nzima kabisa. Mweupe unaopotea injini ikipata joto ni mvuke tu.

Halafu kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa. Injini ikiwa na joto kidogo, toa plagi, funga geji mahali pake, vuta akseleta mpaka mwisho na upige kiki mara sita au saba. Akseleta ikiachwa imefungwa, hewa haiingii na geji itakudanganya. Geji nyingi zinazouzwa huku zimeandikwa psi (pauni kwa inchi ya mraba). Injini nzima ya ukubwa huu kwa kawaida hupita 120, na isiyofika 90 ni dhaifu. Msomaji wa Nakuru asishtuke akipata namba ndogo kuliko mwenzake wa Kisumu: Nakuru ni takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu ni 1,130, hewa ya kule ni nyepesi zaidi, hivyo injini ile ile itasoma pungufu kwa karibu asilimia 8. Sasa mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, piga kiki mara chache ienee, upime tena. Namba ikipanda sana, ni kwamba oili imeziba pengo ambalo ringi zilishindwa kuliziba. Tatizo ni ringi au silinda. Isipopanda, hewa inapitia kwenye valvu au gasketi ya hedi. Lakini kabla hujailaumu valvu, angalia tapeti (skrubu inayopanga nafasi kati ya valvu na roka, kikono kinachoisukuma). Tapeti iliyokazwa kupita kiasi huizuia valvu isikae, na hapo dawa ni bisibisi, spana na dakika kumi.

Mwisho mwaga oili kupitia kitambaa safi na upitishe sumaku kwenye masalio. Vumbi laini la kijivu si ajabu. Vipande vinavyong'aa ambavyo sumaku haivishiki ni alumini, aghalabu ya pistoni. Vipande vigumu vinavyorukia sumaku ni vya gia au bearingi, na ukiviona hivyo funga kila kitu upeleke pikipiki kwa fundi mwenye presi, maana nusu ya chini imeshaguswa.

Injini iliyoshika, isiyozunguka kabisa, usiipigie kiki wala usiisukume ikiwa na gia ndani. Mimina kupitia tundu la plagi mchanganyiko wa dizeli na oili, kadiri ya vijiko vitatu vya chakula, uiache ilale. Kesho yake weka spana kwenye nati ya magneto (gurudumu la kuzalisha umeme kwenye ncha ya kranki) uizungushe taratibu, mbele kidogo na nyuma kidogo. Hata ikikubali, bado lazima uifungue, kwa sababu pistoni iliyowahi kushika imechubuka na itashika tena.

Neno la pekee kwa ndugu zetu wa Ahero na nyanda za Kano, ambako Mto Nyando hufurika na pikipiki hulala ndani ya maji. Injini hizo nyingi haziharibiwi na mafuriko. Huharibiwa na kiki ya kwanza baada ya mafuriko. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa juu ya pistoni na mtu akapiga kiki kwa nguvu au akabonyeza stata, konrodi hupinda. Toa plagi kwanza, ndipo uzungushe polepole maji yatoke. Mwaga oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Tia oili ya bei nafuu, zungusha injini bila kuiwasha, mwaga, urudie mpaka itoke bila weupe. Mara mbili au tatu kwa kawaida hutosha. Mwaga petroli ya tangi na ya kabureta, kausha boksi la filta, halafu tia oili nzuri. Kazi hii ifanywe siku hiyo hiyo, kwa sababu kutu huanza kuzila bearingi mara moja.

Tuseme sasa vipimo vimeonyesha lazima ufungue. Unahitaji boksi spana za 8, 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi, bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa kwenye skrubu, koleo ya mdomo mwembamba, nyundo ya mpira au ya mbao, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mapengo), na spana ya kupima mkazo. Hiyo ya mwisho wengi huiruka, na ndiyo hukosekana pale hesi za alumini zinapong'oka. Kama huna, azima. Tafuta pia trei mbili za mayai za kupangia nati, na kipande cha katoni ambacho utakichorea umbo la kifuniko na kukitoboa matundu, kila bolti ikae katika tundu lake. Bolti za vifuniko hazina urefu mmoja. Ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi hupasua kesi, na fupi kwenye tundu refu hushika hesi mbili tatu tu kisha huzing'oa. Osha kwa mafuta ya taa, si petroli, na mbali na jiko.

Injini ipoe usiku kucha. Ioshe nje kabla ya kulegeza chochote, hasa kwenye mapezi na kuzunguka plagi, kwa maana mchanga wa barabara za miwa za Muhoroni au Mumias ukidondokea ndani utafanya kazi ya msasa. Toa tangi, ekzosi na kabureta, uzibe matundu kwa vitambaa. Zungusha magneto mpaka alama ya T (pistoni ikiwa juu kabisa) ilingane na alama ya kwenye kesi na roka zote mbili ziwe na uhuru wa kuchezacheza. Roka zikiwa zimebana, uko kwenye mzunguko usio wenyewe. Zungusha mara moja tena. Piga picha kwa simu kila hatua.

Kwenye Boxer na nyingine zenye taimingi cheni (inayozungusha kamu, ekseli inayofungua valvu), legeza kikaza cheni kabla ya kutoa gia ya kamu, kisha ifunge cheni kwa waya isitumbukie chini. Za mtindo wa CG hazina cheni hiyo. Zina vijiti viwili vinavyosukuma roka, na kila kimoja kiwekewe alama kirudi kilikotoka. Nati za hedi zilegezwe kwa mshazari, robo mzunguko kila moja, zote zilegee pamoja. Hedi ikigoma, igonge kwa nyundo ya mpira pembeni. Usichomeke bisibisi kati ya hedi na silinda: mkwaruzo utakaouacha hapo utavuja milele. Silinda ikianza kupanda, shika pistoni isijigonge, na kabla hujagusa saklipu ya pini ya pistoni, jaza vitambaa kwenye mdomo wa kesi. Saklipu huruka. Ikitumbukia ndani, kazi ya siku moja imekuwa kazi ya kupasua injini yote.

Hapa ndipo kipimo cha nusu ya chini kinapofanyika, na hakihitaji kifaa. Shika konrodi, ivute juu na kuisukuma chini, bila kuzungusha kranki. Ikicheza hata kidogo kwa namna hiyo, bearingi yake imekwisha. Pistoni mpya haitanyamazisha mlio. Kuteleza kidogo kushoto na kulia ni kawaida yake, na wengi wameuziwa kranki mpya bure kwa kutojua tofauti hii.

Silinda ipitishe ukucha kutoka juu kwenda chini. Mkwaruzo unaokamata ukucha ni wa kuchongwa, hauponi kwa ringi mpya. Kisha ingiza ringi ya juu peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, na upime pengo la ncha zake kwa fila geji. Pima karibu na juu, katikati na chini kabisa, ambako silinda hailiki sana. Ringi mpya katika silinda nzima kwa injini hizi huwa na pengo la kama milimita 0.15 hadi 0.35, ikipita 0.5 imechoka, ingawa kitabu cha pikipiki yako ndicho hakimu. Pengo likiwa kubwa juu na dogo chini, iliyoliwa ni silinda. Dukani, kabla ya kulipa, omba uitie ringi mpya ndani ya silinda yako uliyoibeba. Muuzaji anayekataa, mwache.

Silinda ikihitaji kuchongwa, nunua pistoni kwanza. Saizi za kuongeza ni 0.25, 0.50, 0.75 na milimita 1.00, na mchongaji mzuri huichonga silinda kufuata pistoni iliyo mkononi mwake, akiacha nafasi ya sehemu chache za mia za milimita. Anayechonga kabla ya kuiona pistoni anabahatisha. Si ajabu pia seti kamili ya silinda na pistoni ikawa nafuu kuliko pistoni, kuchongwa na nauli ya kurudi mara mbili. Piga hesabu yote.

Hedi ijaribiwe kwa mafuta ya taa. Funga plagi, igeuze chumba cha moto kiangalie juu, kijaze, usubiri dakika tano huku ukitazama matundu ya kuingilia na kutokea. Kukilowa, valvu hiyo haikai. Isage kwa dawa ya kusagia, ngumu kwanza kisha laini, ukizungusha kwa viganja kama anayepekecha moto, hadi kwenye valvu na kwenye kiti chake uonekane mviringo wa kijivu usiokatika. Dawa hiyo ioshwe yote, maana punje zake zikibaki zitakula silinda uliyoigharamia. Sili za valvu ziwe mpya kila unapofika hapo. Ni za bei ndogo.

Kabla ya kufunga, jibu swali moja: iliharibikaje? Pistoni iliyochubuka upande wa ekzosi pekee imepata joto jingi, mara nyingi kwa sababu kabureta inatoa petroli kidogo au mpira wa kabureta umepasuka na kuingiza hewa ya wizi. Iliyochubuka kuizunguka yote mara nyingi ilikosa oili. Mikwaruzo myembamba iliyosimama, silinda iliyofifia na ringi zilizokonda ni vumbi lililopita kwenye filta, na ndicho kisa tunachokiona zaidi vijijini, hasa kwa wanaoondoa filta ili pikipiki "ipumue". Kwenye za CG, fungua kifuniko cha kulia usafishe chujio la wavu na kikombe kinachozunguka kukusanya uchafu. Uchafu ukiachwa humo, oili haifiki juu, na pistoni mpya itaifuata ya zamani.

Kufunga ni kwa mikono safi na oili nyingi. Ringi ya oili huingia kwanza, springi yake kisha nyembamba mbili, halafu ya pili, halafu ya juu. Upande wenye maandishi uangalie juu. Mapengo yatawanywe kwa nyuzi 120, yasipangane. Pistoni iliyoandikwa IN, maandishi hayo yaelekee kabureta. Yenye mshale, kwa kawaida mshale huelekea ekzosi. Saklipu ziwe mpya, na mdomo wake usiangukie kwenye kijishimo cha pistoni. Ringi zibanwe kwa vidole silinda ikishuka. Ikikwama, acha, inua uangalie, kwa sababu anayegonga huivunja ringi na kulikuta tatizo baada ya kilomita tano. Gasketi zote mpya, na tafadhali, silikoni isiguse gasketi ya hedi. Inayobanwa kwenda ndani humeguka na kuziba njia ya oili, na hedi hufa kwa kiu.

Nati za hedi zikazwe kwa mshazari kwa awamu tatu. Kwa stadi (bolti ndefu zinazoshika hedi) za milimita 8, mkazo wa mwisho huwa karibu nyutoni mita 20 hadi 25, soma kitabu. Alama ya T na alama ya gia ya kamu zikilingana, zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili. Ikigota popote, usilazimishe: valvu inagonga pistoni, rudi kwenye alama. Tapeti zisetiwe injini ikiwa baridi. Honda CG125 hutumia milimita 0.08 kwa valvu zote mbili; nyingine huwa na kipimo tofauti kwa kila valvu. Tapeti inayolia kidogo ni afadhali kuliko iliyobana, kwani iliyobana huunguza valvu bila kupiga kelele.

Oili ni karibu lita moja, ya unene ambao kitabu kinautaka, kwa mfano 20W-50, na chupa iwe na herufi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Klachi ya pikipiki huogelea katika oili ile ile ya injini, hivyo oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano huifanya iteleze. Plagi ikiwa nje na ufunguo umezimwa, piga kiki mara 30 oili ipande kwenye hedi. Fungua kifuniko cha tapeti uhakikishe kumelowa. Ndipo uwashe. Moshi wa dakika chache za kwanza ni oili uliyopakia wakati wa kufunga.

Kwa kilomita 500 usibebe mishikaki (abiria wawili au zaidi) wala magunia, usivute akseleta kupita nusu, ubadilishe mwendo badala ya kukaa kasi moja, na usipande mlima wa Riat kwa gia kubwa huku injini ikilalamika. Kisha badilisha oili na upime tapeti upya. Oili chafu iwekwe kwenye jerikeni. Wenye vikingi vya ua huipaka mbao dhidi ya mchwa. Ikimwagwa mtaroni, mvua itaipeleka ziwani.

Ombi letu, Mhariri, ni kwa kaunti za Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na Busia. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Kila chuo kinachofundisha umekanika kitenge meza moja siku ya Jumamosi, yenye geji ya kompresheni, fila geji, geji ya saa na spana ya kupima mkazo, mwananchi aje na silinda yake mkononi apime kwa ada ndogo chini ya macho ya mwalimu. Na wenye maduka ya spea waandike kwenye risiti saizi ya pistoni waliyouza, ili mnunuzi akirudi na malalamiko, kuwe na namba ya kuzungumzia.

Mafundi wa pikipiki,
Kondele, Kisumu.